Msafiri wa Kazi Arudipo Nyumbani

 Mwezi huu twataka kusema nanyi habari moja ambayo kwa desturi husemwa kwa kunong'ona. Nayo ni habari ya magonjwa ya zinaa, jinsi yafuatavyo njia ya watu waendao kutafuta kazi mbali na kwao, na jinsi nyumba ya Kikristo iwezavyo kujilinda. Msione haya kuisoma. Baba na mama waisome pamoja, watoto wadogo wakiisha kulala, kisha wazungumze.

Yatupasa kuanza kwa kuungama kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alitujia baada ya ibada ya Jumapili. Jina lake hatulitaji, wala kijiji chake. Mumewe alikuwa mvuvi wa dagaa, akikaa kambini upande wa kusini miezi miwili mitatu, kisha akirudi na fedha ya chumvi, nguo na karo. Mama yule akasema, "Mwalimu, hii ni mara ya pili nazaa mtoto mfu. Majirani wasema mama mkwe ameniroga. Nifanye nini?" Sisi tukamwambia asiamini mambo ya uchawi, adumu katika sala, avumilie. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, lakini hayakutosha. Hatukumwuliza kama damu yake imepimwa. Hatukumwuliza habari za mumewe huko kambini, kwa kuwa tuliona haya. Tulimrudisha nyumbani na faraja ya mdomo, na ugonjwa ukarudi pamoja naye. Mwisho wa habari yake tutausema mbele.

NJIA ZA KAZI NI ZA ZAMANI

Watu wa nchi yetu hawakuanza jana kusafiri kwa ajili ya riziki. Kabla ya wakoloni, misafara ya wapagazi ilitoka Bagamoyo ikapita Tabora mpaka Ujiji, ikivuka tena ziwa kwenda Kongo. Uvinza palikuwa na chumvi, na watu wa makabila mengi walikwenda huko kiangazi kuichemsha. Mwaka 1914 reli ilifika Kigoma, na safari iliyokuwa ya miezi ikawa ya siku chache. Mwaka 1927 meli Liemba ilianza kazi tena baada ya kuzamishwa katika vita, ikachukua watu na mizigo mpaka upande wa kusini wa ziwa.

Kwa reli hiyohiyo babu zetu wengi wa Buha walichukuliwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alipewa namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chama cha kuandikisha wafanyakazi, kilichojulikana kwa jina la Silabu, na Buha ilikuwa nchi moja waliyotafuta watu sana. Mtu alipewa kipande cha siku 30 za kazi, na siku ambayo hakumaliza sehemu yake haikuhesabiwa. Wengi walikwenda bila wake zao, wakakaa katika kambi za wanaume watupu. Wengine walirudi na baiskeli na mablanketi, wengine walirudi na kaswende au kisonono, wengine hawakurudi.

Twakumbusha habari hizi kwa sababu wako wasemao kwamba magonjwa haya ni ya watu waovu tu. Sivyo. Mtu mwema akitengwa na nyumba yake mwaka mzima, akapewa fedha kidogo mkononi, bila mke, bila wazazi, bila mwalimu wala kanisa, atajaribiwa kuliko mtu akaaye kwake. Dhambi ni dhambi, nasi hatuipunguzi. Lakini anayetaka kumlinda nduguye na ajue kwanza njia apitayo.

KAMBI ZA DAGAA

Leo mkonge hauwaiti vijana wetu kama zamani. Wengi huitwa na ziwa. Ukitoka Kibirizi au Katonga kwa mtumbwi wa injini, ukifuata pwani kusini mpaka mto Malagarasi uishiapo ziwani karibu na Ilagala, na mbele tena mpaka Buhingu na Kalya, utakuta mwalo baada ya mwalo. Upande wa kaskazini ni hivyohivyo mpaka Kagunga, mpakani mwa Burundi. Humo utawakuta Waha, Wabembe, Warundi na watu wa Kongo, wote wakiongea Kiswahili, wote wakitafuta dagaa na migebuka.

Kila mvuvi ajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za jua. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawaifuati taa, na mitumbwi hupumzika ufukoni. Basi wakati wa mbalamwezi ndio wakati wa hatari. Mgawo umekwisha kutolewa, fedha iko mfukoni, kazi hakuna, na nyumbani ni mbali. Wenye pombe wanajua hesabu ya mwezi kama wavuvi wenyewe.

Wala tusiwataje wanaume peke yao. Wako akina mama wanunuao dagaa, huwaanika na kuwapeleka sokoni. Mama mwenye mtaji mdogo humtegemea mwenye mtumbwi ampe samaki kwanza, alipe baadaye. Hapo mwanamume mwenye nguvu huweza kudai malipo yasiyo halali. Katika pwani za Ziwa Victoria, upande wa Kenya, jambo hili limezoewa hata likapewa jina, jaboya. Ndugu zetu wenye mitumbwi, tunawaambia waziwazi: anayemnyima mjane samaki mpaka atoe mwili wake amefanya makosa mawili, la uzinzi na la kumdhulumu maskini. Asije kesho akamwita huyo mama malaya.

MAGONJWA YENYEWE

Wazee walisema habari ya tego, kwamba mwenye mke huweka dawa ili mzinzi augue. Tusidanganyike. Magonjwa haya huletwa na vijidudu, navyo havichagui mzinzi na mwaminifu. Mke asiyetoka nje ya ndoa huyapata kwa mumewe, na mume kwa mkewe, na mtoto tumboni kwa mamaye. Kama lingekuwa tego, mtoto mchanga amemkosea nani?

Kaswende huanza na kidonda kisichouma, mara nyingi wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa. Kwa kuwa hakiumi, mtu hukidharau. Kwa mwanamke huenda kikawa ndani asikione kabisa. Kisha kidonda hufunga chenyewe, kwa dawa au bila dawa. Baadaye huweza kutoka vipele, hata katika viganja na nyayo, navyo hupotea. Mtu husema, "Nimepona," kumbe ugonjwa umejificha, na baada ya miaka huweza kuharibu moyo, ubongo na macho. Mama mjamzito mwenye kaswende huweza kupoteza mimba, au kuzaa mtoto mfu, au mtoto mgonjwa. Lakini dawa yake ni penisilini, dawa ya zamani na ya bei ndogo. Ugonjwa ukiwa mchanga, sindano ya mara moja hutosha. Ukiwa wa siku nyingi, mganga hutoa sindano zaidi. Mama akipimwa mapema na kutibiwa kabla ya mwezi wa mwisho wa mimba, mtoto huweza kuokolewa.

Kisonono humwonyesha mwanamume dalili upesi: mkojo wachoma, na usaha hutoka. Wanawake wengi hawaoni dalili yo yote, na huku ugonjwa hupanda ukaharibu kizazi, hata mama akawa tasa. Mtoto akizaliwa katika ugonjwa huo, macho yake huweza kupofuka. Kisonono cha siku hizi kimezoea dawa nyingi zilizokiua zamani. Kwa hiyo vidonge vya rangi mbili vinunuliwavyo dukani kambini huweza kunyamazisha dalili bila kumaliza ugonjwa.

Tena uko UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza katika Tanzania walijulikana mwaka 1983 huko Kagera, na kabla ya miaka 10 kupita mikoa yote ya Bara ilikuwa imepata msiba huo. Virusi vyake hukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Hakuna dawa ya kuviondoa kabisa, lakini ziko dawa za kuvifubaza, nazo hutolewa bure katika Tanzania tangu 2004. Mtu azitumiaye kila siku bila kuacha, hata virusi visionekane tena katika kipimo, huishi na kufanya kazi, wala hamwambukizi mwenziwe katika tendo la ndoa. Mama azitumiaye vema huweza kuzaa mtoto asiye na virusi.

TUSIJISIFU KWA HESABU

Katika uchunguzi uliofanywa nchi nzima mwaka 2022 hadi 2023, watu wazima wenye virusi vya UKIMWI walikuwa 44 katika kila 1,000. Njombe walikuwa 127. Kigoma walikuwa 17 tu, hesabu ndogo kuliko mikoa yote ya Bara. Twamshukuru Mungu kwa jambo hili. Lakini tusilale. Hesabu ya mkoa huchanganya wote, mkulima wa Kasulu asiyeona ziwa na mvuvi alalaye kambini. Tena wasafiri wetu hawakai Kigoma tu. Wengine huenda kwenye machimbo ya dhahabu, wengine mijini, wengine ng'ambo ya ziwa. Nyumba isiyoungua ndiyo yenye faida ya kuchunga moto.

Magonjwa haya husaidiana. Penye kidonda au usaha, virusi vya UKIMWI huingia kwa wepesi. Mwaka 1991 hadi 1994, katika vijiji vya Mwanza, wataalamu walifanya jambo lisilo la makuu: waliwafundisha watumishi wa zahanati kutibu vema magonjwa ya zinaa, wakahakikisha kwamba dawa haziishi. Watu zaidi ya 12,000 walifuatwa katika jumuiya 12. Pale palipokuwa na matibabu hayo, maambukizo mapya ya UKIMWI yalipungua kwa 40 hivi katika kila 100. Uchunguzi uliofuata huko Uganda, uliofanywa kwa namna nyingine, haukuona upungufu kama huo; kwa hiyo tusiseme kwamba kutibu kisonono peke yake kutamaliza UKIMWI. Lakini twajifunza kwamba zahanati ndogo ya kijiji, ikiwa na dawa na mtu mwenye kujua kazi, si jambo dogo.

MWISHO WA HABARI YA MAMA YULE

Mama tuliyemtaja alishika mimba ya tatu. Safari hii mkunga wa kliniki alipima damu yake, akaona kaswende. Akamchoma sindano, akamwambia amlete mumewe, kwa maana kumtibu mmoja na kumwacha mwingine ni kama kukumba maji mtumbwini bila kuziba tundu. Mume alikataa. Alisema, "Mimi nilikwisha pona zamani." Alikuwa amepata kidonda kambini, akanunua vidonge, kidonda kikafunga.

Mkunga alimtuma mama kwetu, naye alikubali tujue. Wakati wa mbalamwezi tulikwenda tukaketi na mwanamume yule nje ya nyumba yake. Hatukuleta maneno ya hukumu. Tulimweleza jinsi kaswende ijifichavyo, kama tulivyoeleza hapa. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Mwalimu, basi wale watoto wawili niliwaua mimi?" Swali lile lilitushinda. Tukamwambia, "Ndugu yetu, hukujua. Nasi tuliopaswa kukuambia tulinyamaza. Lakini leo sote tumejua." Alfajiri alikwenda zahanati kwa miguu yake. Mtoto alizaliwa hai, na sasa anasoma shule. Mama mkwe ndiye aliyempa jina, na majirani waliomsingizia uchawi walikuja kumwomba radhi.

NYUMBA IFANYE NINI?

Kwanza, kabla ya safari. Mume na mke wakubaliane habari ya safari yenyewe: siku ya kurudi, fedha itakavyotumwa, na kama yawezekana waende pamoja. Siku hizi fedha hutumwa kwa simu siku ileile ya mgawo. Na fedha iliyokwisha fika nyumbani haiwezi kulewa kambini. Kijana asiye na mke asiende peke yake. Katika Maandiko, Tobia alipotumwa na baba yake kuchukua fedha katika nchi ya mbali, aliagizwa kwanza atafute mwenzi mwaminifu wa kusafiri naye. Wazazi, mwigeni mzee yule.

Pili, kambini. Wakristo wakutanikao mwaloni wajitafutie msimamizi wa sala, wakae kibanda kimoja, na siku za mbalamwezi wapange safari ya kurudi nyumbani, au kazi ya kushona nyavu, au mchezo wa mpira. Yusufu alikuwa mtumishi katika nchi ya ugeni, asiyeonwa na baba wala ndugu, naye alikimbia majaribu akaacha hata vazi lake. Kukimbia si woga. Tena ni heri kwenda zahanati siku za mbalamwezi kuliko kwenda kilabuni. Mwaka 2024 uvuvi ulipofungwa ziwani miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, wavuvi wengi walipata nafasi ya kukaa kwao. Wakati wa namna hiyo usipite bila mtu kujua hali ya damu yake.

Tatu, arudipo nyumbani. Msafiri aliyeanguka asiingie kitandani kwa mkewe kwa siri. Na aende kwanza kupimwa, na bora waende wawili. Kipimo kimoja huweza kukosa kuona ambukizo la juzi. Kwa UKIMWI arudie baada ya miezi mitatu. Akionekana na ugonjwa, wote wawili watibiwe, wamalize dawa, wajizuie mpaka mganga awape ruhusa. Mke asiyekosa asikatae matibabu akisema, "Mimi sina hatia." Kijidudu hakiulizi hatia.

Nne, habari ya mipira. Wahudumu wa afya hufundisha kwamba kondomu ikitumiwa sawasawa kila mara hupunguza sana hatari, nao wasema kweli. Kazi yetu sisi makatekista ni kufundisha uaminifu, wala hatuwezi kuiacha. Lakini hatuna ruhusa ya kusema uongo, kama wale wasemao kwamba mipira imetiwa vijidudu. Viko pia vidonge vya kinga kwa mtu asiye na virusi aliye katika hatari. Na mtu aliyebakwa, au aliyekuwa katika hatari ya ghafula, afike hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa ya kuzuia virusi visishike. Mwenye shaka juu ya mambo haya na amwulize mganga.

Tano, kila mama mjamzito aende kliniki mapema, na mumewe afuatane naye. Anayeona haya kuketi katika benchi la akina mama na akumbuke kwamba hakuona haya kuitwa baba.

NENO KWA WALIMU

Walimu wenzetu, watu hawatatuambia kweli kama tumezoea kuwataja kwa mafumbo katika mahubiri. Aliyetuletea siri yake na aikute siri hiyo imezikwa. Asitengwe kikombe wala kiti. Magonjwa haya hayaletwi na kula pamoja wala kupeana mikono. Bwana wetu alipoletewa mwanamke aliyekamatwa katika uzinzi, wenye mawe waliondoka mmoja mmoja, naye akamwacha aende zake, akimwagiza asitende dhambi tena. Mambo hayo mawili yaende pamoja. Anayehurumia bila kuonya hajasaidia. Na anayeonya bila huruma atabaki na mawe yake mkononi, na mgonjwa atakwenda kujificha.

Kila mwalimu na ajue siku ambazo zahanati yake hupima damu, amjue na mkunga kwa jina. Vijana wanaojiandaa kwa ndoa wahimizwe kupimwa wote wawili kabla ya kutangazwa. Na atakapokuja mama kutuambia kwamba amezaa mtoto mfu, tumwombee, kisha tumwulize swali ambalo sisi tulishindwa kuliuliza siku ile: "Mama, damu yako imepimwa? Na ya baba je?"

Mwezi mpevu ujao, wavuvi wetu wengi watarudi. Wapokeeni kwa furaha, wapikieni chakula kizuri. Na kesho yake, kabla shughuli hazijaanza, baba na mama wafunge mlango wa nyumba, waende zahanati pamoja.

Mungu awalinde wasafiri wote wa ziwa, na wanaowangoja.

Katekista wenu, Ujiji